Mashine, mofini au sindano: njia zilizopo ugonjwa usipopona

Mgonjwa aliyechoka anaposema "basi, niacheni nipumzike," kila aliyesimama kando ya kitanda husikia lake. Mmoja anasikia kwamba mirija itolewe arudi nyumbani. Mwingine anasikia kwamba dawa ya maumivu iongezwe. Yuko na anayesikia kwamba achomwe sindano yaishe. Kwa tiba, kwa sheria na kwa dini, hayo ni mambo yaliyoachana mbali sana, na mjadala wa yuthanasia, yaani kumfisha mgonjwa kwa makusudi ili kumwondolea mateso, mara nyingi huharibikia hapo: watu wanabishana usiku kucha, kumbe mmoja anazungumzia mashine na mwenzake anazungumzia sindano.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayelazimika kuamua. Pengine ni mgonjwa mwenyewe. Pengine ni mtoto au mke aliyeulizwa na daktari, "Mnataka tuendelee?" Pengine ni raia anayetaka kujua asimame wapi sheria ya nchi yake inapojadiliwa. Sitajifanya sina upande, ninakoegemea nitasema.

Kuacha tiba

Mgonjwa anakataa upasuaji mwingine, anakataa kuendelea kusafishwa damu, au anaomba mashine ya kupumulia iondolewe. Ugonjwa unaachwa uende njia yake, na wahudumu wanabaki naye kumtuliza.

Kesi iliyowafundisha wengi ni ya Karen Ann Quinlan, msichana wa Marekani aliyepoteza fahamu mwaka 1975 akiwa na miaka 21 na asizinduke tena. Wazazi wake, Wakatoliki wa dhati, waliomba mashine ya kupumulia iondolewe. Madaktari wakakataa wakihofia kushtakiwa. Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey iliwakubalia wazazi mwaka 1976. Mashine ilipoondolewa, Karen aliendelea kupumua mwenyewe, akalishwa kwa mrija kama wazazi walivyotaka, hadi alipofariki mwaka 1985. Nadhani hakuna mfano unaoonyesha tofauti hii vizuri kuliko huo. Anayeondoa mashine hajui mgonjwa atakufa lini, wala kama atakufa kwa sababu ya kuondolewa kwake. Anayechoma sindano ya kuua anajua, na amekusudia.

Uingereza ilifika mbali zaidi mwaka 1993 katika kesi ya Tony Bland, kijana aliyeumia kwenye msongamano wa uwanja wa mpira wa Hillsborough mwaka 1989: majaji waliruhusu hata mrija wa chakula uondolewe, kwa hoja kwamba nao ni tiba. India iliruhusu kuacha tiba isiyo na faida, na ikatambua wosia wa matibabu, yaani maandishi ya mtu kuhusu tiba asizotaka akishindwa kusema, kwa hukumu ya mwaka 2018.

Viongozi wa dini hawakai kando hapa. Papa Pius XII aliwaambia madaktari mwaka 1957 kwamba mtu hana wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida ili kurefusha uhai, na kwamba dawa ya maumivu inaruhusiwa hata kama huenda ikafupisha maisha, mradi lengo liwe kutuliza maumivu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliruhusu mashine kuondolewa ubongo ukishathibitishwa kuwa umekufa kabisa. Kwa hiyo ndugu anayeogopa kwamba kukubali mashine iondolewe ni kumuua baba yake, akae na kiongozi wake wa dini kabla ya kujihukumu.

Inavyofanyika, ikifanywa vizuri, ni jambo la utulivu. Muuguzi hutanguliza dawa ili mgonjwa asihisi kukosa hewa. Kengele za mashine hunyamazishwa. Koo linasafishwa, mrija unavutwa taratibu, uso unafutwa, na familia inasogea karibu. Wengine huondoka ndani ya dakika chache, wengine huchukua siku nzima au zaidi, na familia iambiwe hivyo mapema, maana wale wanaodhani kila kitu kitaisha papo hapo huingiwa na hofu kwamba wamekosea.

Kasoro zake ni mbili. Mgonjwa asiyeweza kusema anategemea watu wengine wakumbuke alichotaka. Halafu njia hii haimsaidii mtu asiyetegemea mashine yoyote: saratani ya mifupa haina kitufe cha kuzima.

Huduma shufaa

Huduma shufaa ni ya kumtuliza mgonjwa maumivu na mateso mengine, hata ugonjwa usipopona. Huku ndiko ninakotaka kukaa zaidi, kwa sababu ndiyo njia inayohitajiwa na wengi kuliko zote na inayotajwa kidogo kuliko zote.

Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha mhudumu wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, alifungua hospisi, yaani nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa, ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Wazo lake kubwa lilikuwa kwamba maumivu ya anayekufa hayako mwilini peke yake. Yamo mwilini, yamo katika hofu, yamo katika ugomvi wa familia usiosuluhishwa, yamo katika swali la Mungu yuko wapi. Ukitibu moja ukaacha mengine, mgonjwa ataendelea kulia na wewe utadhani dawa haifanyi kazi.

Jambo la pili alilosisitiza lilikuwa saa. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, hutolewa kwa ratiba, kwa kawaida kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi ndipo mgonjwa aombe. Anayengoja maumivu huishi siku nzima akiyaogopa. Anayepewa kwa wakati wake huanza kulala, huanza kula kidogo, na mara nyingi huanza tena kuzungumza mambo mengine. Mgonjwa aliyekuwa akisema "bora nife" wiki iliyopita anaweza kuuliza matokeo ya mpira. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ngazi za dawa za maumivu ya saratani mwaka 1986, kwa hiyo maarifa haya yana miongo minne sasa.

Hofu ya mofini imewatesa wagonjwa wengi bila sababu. Ikitolewa kwa kipimo kinacholingana na maumivu na kuongezwa hatua kwa hatua, haimfanyi mgonjwa wa saratani kuwa mraibu wa dawa za kulevya, na wataalamu hawaioni tena kuwa dawa inayoharakisha kifo. Husababisha kufunga choo, na dawa ya kulainisha choo hupaswa kuanza nayo siku ileile. Uganda imeonyesha kwamba haihitaji hospitali ya kifahari: daktari Anne Merriman alianzisha hospisi huko mwaka 1993 akitumia mofini ya maji iliyochanganywa kwa gharama ndogo, na baadaye wauguzi waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kisheria kuiandika.

Wengine hudhani kuingia huduma shufaa ni kukata tamaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu katika hospitali moja ya Boston, ulionyesha vingine: waliopewa huduma shufaa mapema pamoja na tiba ya kawaida walikuwa na hali bora ya maisha, walipata sonona kwa kiasi kidogo, na kwa wastani waliishi miezi 11.6, wakati wenzao waliishi 8.9.

Dunia bado haijafika hapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 huhitaji huduma hii kila mwaka, na ni takriban asilimia 14 tu wanaoipata. Mtu anapokuja na hoja kwamba bila sindano wagonjwa watakufa kwa mateso, mimi humuuliza kwanza mateso hayo ni yapi, na kama yamewahi kutibiwa na mtu anayejua kuyatibu.

Lakini sitasema uongo kwamba huduma shufaa hufuta kila kitu. Yapo maumivu yasiyotulia, ipo pumzi inayokata, upo wasiwasi wa siku za mwisho unaomfanya mtu kujirusha kitandani. Hapo kuna hatua ya mwisho: usingizi wa dawa. Mgonjwa analazwa kwa dawa hadi asihisi kitu, na ugonjwa unamchukua akiwa amelala. Ufaransa iliufanya kuwa haki ya mgonjwa, kwa masharti, kwa sheria ya mwaka 2016. Wako wanaosema hii ni yuthanasia iliyovaa joho jingine. Sikubaliani nao. Dawa hupimwa kwa dalili, ikitosha kumtuliza haiongezwi, na kinachomwondoa ni ugonjwa wake. Nakiri hata hivyo kwamba mstari ni mwembamba, na kwa daktari asiye mwangalifu unaweza kuvukwa.

Kuna na kitu ambacho hakuna dawa inayokigusa, nacho ni uchungu wa mtu kujiona anapungua: kuoshwa na mwanawe, kusahau majina ya wajukuu. Kwa hilo huduma shufaa ina mikono, masikio na muda. Kwa wengi hivyo vinatosha, kwa baadhi havitoshi.

Kusaidiwa kufa

Hapa napo pana vitu viwili vinavyochanganywa. Katika kimoja, daktari anaandika dawa na mgonjwa anainywa mwenyewe. Katika kingine, daktari au muuguzi ndiye anayechoma sindano. Cha pili ndicho yuthanasia kwa maana kamili.

Jimbo la Oregon nchini Marekani lina cha kwanza peke yake. Wapiga kura waliipitisha sheria hiyo mwaka 1994, ikaanza kutumika mwaka 1997. Mgonjwa awe mtu mzima, mwenye akili timamu, na madaktari wawili wakubaliane kwamba amebakiza miezi sita au chini yake. Aombe zaidi ya mara moja, na maandishi yake yashuhudiwe na watu wawili. Dawa anaichukua, anakaa nayo. Kinachonigusa ni kwamba takriban theluthi moja ya wanaoandikiwa dawa hiyo hawainywi. Baadhi huchukuliwa na ugonjwa kwanza, wengine hubaki nayo kabatini kama uhakika kwamba wangeweza. Vifo vya njia hii huko ni chini ya asilimia 1 ya vifo vyote vya jimbo.

Uholanzi ilianza kutumia sheria yake tarehe 1 Aprili 2002, ikiwa nchi ya kwanza duniani kuhalalisha yuthanasia kwa sheria ya bunge, na Ubelgiji ikafuata mwaka huohuo. Huko hakuna sharti la miezi sita. Kinachopimwa ni mateso: yawe hayavumiliki, yasiwe na dalili ya kupungua, na kusiwe na njia nyingine ya maana. Daktari wa pili asiyehusika humwona mgonjwa, na baada ya kifo kamati hupitia kila kesi. Mwaka 2023 Uholanzi iliandikisha vifo 9,068 vya namna hii, sawa na asilimia 5.4 ya vifo vyote.

Canada ilihalalisha mwaka 2016 baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka uliotangulia. Mwanzoni sheria ilitaka kifo kiwe kinatarajiwa. Mwaka 2021 sharti hilo likaondolewa, na mtu mwenye ugonjwa sugu au ulemavu ambaye hafi karibuni akaweza kuomba, akipitia tathmini ya angalau siku 90. Mwaka 2023 walikufa hivyo watu 15,343, asilimia 4.7 ya vifo vyote, karibu wote kwa sindano. Kuruhusu wenye maradhi ya akili peke yake kumeahirishwa hadi Machi 2027.

Uswisi ina njia yake ya pekee. Sheria yake ya jinai, iliyoanza kutumika mwaka 1942, humwadhibu anayemsaidia mwingine kujiua kwa tamaa ya nafsi yake, na kwa kunyamazia wengine imeacha mlango ambao mashirika hupitia, yakipokea na wageni. Sindano ya daktari huko ni kosa. New Zealand, baada ya kura ya maoni ya mwaka 2020 ambapo asilimia 65 waliunga mkono, ilianza Novemba 2021 ikiruhusu vyote viwili, lakini kwa waliobakiza miezi sita.

Hoja zenye uzito, na nyingine zisizo nao

Wanaounga mkono husema mwili ni wangu, na mwisho wake niuamue mimi. Ni hoja nzito na haijibiwi kwa kuitwa ubinafsi. Mtu aliyeongoza maisha yake miaka 70 ana sababu ya kutaka kusema neno juu ya siku zake za mwisho. Wanaopinga, wakiwemo sehemu kubwa ya Waislamu na Wakristo, husema uhai ni amana na mwenye kuuchukua ni aliyeutoa. Kwa anayeamini hivyo mjadala umekwisha, na ana haki ya kuheshimiwa, daktari anayeamini hivyo akiwa wa kwanza. Chama cha Madaktari Duniani kilirudia kupinga kwake mwaka 2019 kilipokutana Tbilisi. Chama cha Madaktari cha Uingereza, kwa upande wake, kiliacha kupinga mwaka 2021 kikachagua kutoegemea upande.

Hoja inayonisumbua zaidi inatoka Oregon kwenyewe. Mwaka baada ya mwaka, sababu zinazotajwa zaidi na waombaji ni kupoteza uhuru wa kujiamulia, kushindwa kufanya mambo yaliyowapa furaha, na kupoteza heshima. Maumivu, au hofu ya maumivu, hutajwa na wachache zaidi. Wengi hutaja pia kuwa mzigo kwa familia. Basi tunaposema "tumhurumie anayeteseka," mara nyingi tunamzungumzia mtu anayeteswa na kumtegemea mwingine. Watu wenye ulemavu wanaosikia haya huuliza swali ambalo hatuna haki ya kulikwepa: ikiwa kuoshwa na kulishwa na mwingine ni sababu ya kutosha ya kufa, mnasema nini juu ya maisha yetu?

Je, sheria ikiingia itapanuka? Wapinzani husema lazima, watetezi husema hapana, na ushahidi unasema inategemea imejengwa juu ya nini. Oregon imesimama kwenye miezi sita tangu 1997. Canada ilipanuka ndani ya miaka mitano. Ubelgiji iliondoa kikomo cha umri mwaka 2014, kwa masharti makali. Tofauti naiona kwenye msingi. Sheria inayopima ukaribu wa kifo ina ukuta unaoonekana, ingawa inamwacha nje mtu mwenye miaka kumi ya mateso mbele yake. Sheria inayopima mateso haimwachi huyo, lakini haina pa kusimama, kwa kuwa hakuna mahakama inayoweza kumwambia mtu kwamba mateso yako ni madogo kuliko ya jirani yako. Anayepiga kura achague akijua kwamba anachagua kati ya ukuta wenye ukatili wake na mlango usio na komeo.

Ukilazimika kuchagua

Kama wewe ndiye mgonjwa, anza na kinachokuumiza, kabla ya kuchagua njia. Daktari mzuri ataliuliza swali hili na kunyamaza: "Unaogopa nini zaidi?" Anayejibu "kukosa pumzi usiku" anahitaji dawa na mtu wa kupigiwa simu usiku. Anayejibu "kuunganishwa mashine miezi sita" anahitaji wosia wa matibabu. Anayejibu "watoto wangu watauza kila kitu kwa ajili yangu" anahitaji kikao cha familia kabla ya kitu kingine chochote. Na anayejibu "sioni sababu ya kuishi" anahitaji kupimwa sonona, ambayo kwa wagonjwa wa muda mrefu ni ya kawaida na hutibika hata mwili usipopona. Utafiti wa Harvey Chochinov na wenzake wa Winnipeg, uliochapishwa mwaka 1999, uligundua kwamba hamu ya kuishi kwa wanaokaribia kufa hupanda na kushuka sana, hata ndani ya siku moja. Ukiwa chini kabisa leo, usifunge neno leo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, au muuguzi aliye zamu, jinsi ulivyo.

Kama wewe ni ndugu, kazi yako ni kubeba alichokitaka mgonjwa, hata kama wewe ungetaka kingine. Wengi tunang'ang'ania dripu na mirija kwa kuogopa maneno ya watu msibani. Mgonjwa anayekaribia kufa huacha kula na kunywa kwa kuwa mwili umeshaacha kuhitaji. Kinachomfaa wakati huo ni pamba iliyoloweshwa maji midomoni, mafuta kidogo kwenye ngozi iliyokauka, na kugeuzwa ubavu.

Kama ni raia, msimamo wangu ni huu. Pale mofini isipopatikana, kuruhusu sindano ni kumpa mtu mlango mmoja kisha kumwambia achague. Huduma shufaa itangulie, ilipiwe, ifike hadi mtu alipo. Ikishafika, na bado nchi ikataka sheria, ningependelea ya aina ya Oregon, kwa sababu mkono wa mwisho unabaki wa mgonjwa, na wale wasioinywa wanaonyesha jinsi nafasi ya kughairi ilivyo na thamani. Najua inamkosea aliyepooza mikono na koo, na sina jibu linalomtosheleza. Ninaloweza kusema ni kwamba huyo naye, katika njia mbili za kwanza, ana haki ya kukataa mashine, na anaweza kuomba usingizi wa dawa, na mara nyingi hakuna aliyemwambia.

Katika nchi nyingi duniani, kumsaidia mtu kufa ni jinai, hata anayesaidia akiwa mke aliyemuuguza mumewe kwa miaka. Kwa wanaoishi huko, kilicho wazi ni kuacha tiba isiyo na faida na kupata huduma shufaa, na vyote viwili huenda vizuri vikiombwa mapema. Mwombe daktari akuelekeze kwenye huduma hiyo siku ya kuambiwa ugonjwa hauponi, usingoje wiki ya mwisho. Andika nani atasema kwa niaba yako ukishindwa kusema, tiba zipi hutaki, na unataka uwe wapi. Nakala moja abaki nayo daktari, nyingine huyo uliyemtaja, na umsomee kwa mdomo, ili siku ya kuulizwa asikumbuke karatasi tu, akumbuke na sauti yako.